Madirisha ya mbao yamechoka: nikarabati au ning'oe niweke alumini?

Mwenye_Kaya: Habari wakuu. Nina madirisha tisa ya mbao, yote yamenizidi umri. Rangi inabanduka kama magamba ya samaki, mawili hayafunguki kabisa, na moja nikilibonyeza chini kwa kidole linadidimia kama mkate uliolowa. Fundi kaniambia ng'oa yote, weka alumini, usahau. Baba anasema mbao kama ile siku hizi huipati. Nimsikilize nani?

Randa_Kali: Chukua bisibisi kwanza. Choma kila fremu, hasa kizingiti cha chini na pembeni mbao zinapoungana, maana maji hutuama hapo. Ikiingia milimita mbili ikagoma, mbao ni nzima, kilichokufa ni rangi. Ikizama bila nguvu, pameoza. Halafu tafuta maji yanatoka wapi. Kinachoozesha ni kuvu, na mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Mfereji wa paa ukiendelea kuvuja hapo juu, hata ukibadilisha dirisha utakuwa umemvisha mgonjwa shati jipya.

Dada_Msasa: Naomba nitofautiane kidogo na mafundi seremala wa humu 😀 Nilikarabati manne mwenyewe, kila moja lilinila wikiendi mbili. Na kila baada ya miaka michache ni rangi tena. Kama mtu hana moyo huo, alumini haiozi wala mchwa hawaigusi. Ubaya wake inapitisha joto na baridi upesi, labda ununue ile yenye kizuizi cha plastiki katikati ya fremu.

Kioo_Mbili: Na "usahau" si kweli. Yangu yana vioo viwili vilivyozibwa pamoja. Sehemu iliyozibwa kwenye dirisha moja imeachia, ukungu umeingia katikati ya vioo, sifuti kwa ndani wala kwa nje. Dawa ni kununua kioo chote upya. Dirisha la mbao kioo kikipasuka unatoa puti, unaweka kingine, basi.

Dada_Msasa: Hapo sikubishii. Ila rangi ya zamani huwa na madini ya risasi; Marekani waliipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Usisugue msasa mkavu. Lowesha kwanza, vaa barakoa, watoto wasikae karibu.

Mwenye_Kaya: Nimechoma yote tisa. Sita mazima! Yale mawili yasiyofunguka yalikuwa yamegandishwa na rangi tu, nimepitisha kisu kwenye mwanya yakaachia. Mawili yameoza kizingiti. Lile la mkate limekwisha, bisibisi imetokea upande wa pili. Vizingiti nijaze puti?

Randa_Kali: Hapana. Puti ikikauka imekauka, mbao inavimba na kunywea, kwa hiyo ufa utafunguka na maji yataingia nyuma yake usiyaone. Kata mpaka ufikie mbao nzima, weka kiraka cha mbao kavu ya aina ileile, nyuzi zake zielekee upande mmoja na za mbao ya zamani, gundi iwe isiyoyeyuka kwa maji. Paka praima (rangi ya msingi) mpaka kwenye ncha zilizokatwa, ndizo zinazokunywa maji kuliko pengine popote. Hilo la tisa badilisha. Ila kabla hujaagiza, pima uwazi wa ukuta kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, ukuta umepinda, na dirisha la kiwandani halipindi.