NAS za bei chee Kigoma: diski haijafa, acheni kuwaformatia watu mafaili yao!

Wakuu, heshima mbele.

Hizi NAS, yaani visanduku vya diski moja vinavyochomekwa kwenye rauta ili mafaili yafikiwe kwa mtandao wa ndani, vinavyouzwa hapa Mwanga na Ujiji kama "kumbukumbu ya nyumbani", vimeshaliza watu wa kutosha. Wanunuzi ni studio za picha za harusi, wenye steshenari, walimu wanaotunza mitihani. Muuzaji anawaambia wamwage kila kitu humo na wafute kwenye kompyuta, kwamba ni salama. Siku taa ikigeuka nyekundu, mteja anakimbilia kwa fundi. Fundi anachomoa diski, anaichomeka kwenye Windows, kinatokea kidirisha cha kumtaka aformati, naye anaformati. Kazi ya miaka ya mtu imekwenda kwa kubonyeza mara moja, na diski ilikuwa nzima!

Windows haikuisoma kwa sababu ndani ya kile kisanduku kunaendeshwa Linux, na mafaili yamepangwa kwa ext4, mpangilio ambao Windows haiufahamu. Kidirisha kile hakisemi diski imeharibika. Fundi asiyejua tofauti hiyo asishike diski ya mtu, basi.

Kinachokufa mara nyingi ni adapta. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, hapo bodi hujaihesabu. Adapta inayokuja na kisanduku ni ya 2A, nyingine hata 1.5A, maana yake imebanwa tangu siku ya kwanza. Umeme wetu ukikatika na kurudi kwa kishindo, kapasita za ndani zinavimba. Ukiipima bila mzigo inasoma 12 safi na unaambiwa adapta haina tatizo. Ipime huku diski inajaribu kuwaka: ikishuka hadi 10 au chini yake, mchawi umeshamwona. Kwa sikio ni hivi: diski inaanza kuunguruma, inatoa "tik", inanyamaza, baada ya sekunde chache inaanza upya. Watu wakisikia hiyo tik wanatangaza kichwa cha diski kimekufa. Jaribuni kwanza adapta ya 12V 3A, chanya katikati. Angalieni na pini: 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5 kwa macho ni zilezile, ila ya 2.5 ukiiweka kwenye tundu la 2.1 inacheza na umeme unakatakata. Hapo umejiletea ugonjwa uleule.

Ile UPS ndogo ya rauta (kibetri cha kushikilia umeme ukikatika) msiifunge hapa. Rauta inatumia kama 1A, UPS nyingi za aina hiyo zinaishia 2A, diski ikitaka kuamka inazima. Na msiunge moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri ya "12V" ikiwa kwenye chaji inapanda hadi 14.4, bodi inaweza kuungua. UPS ya kawaida ya 650VA inatosha kabisa, kwa sababu diski ikishaamka kisanduku chenyewe hakili hata wati 20. Kinachoudhi ni kwamba vingi havina njia ya kuongea na UPS kwa waya wa USB, kwa hiyo umeme ukichelewa kurudi lazima mtu akizime kwa mkono. Kipengele kidogo tu cha programu, wameshindwa kukiweka.

Kama bodi ndiyo imekufa, mafaili bado mnayo. Chomoeni diski, ichomekeni kwa adapta ya SATA kwenda USB yenye umeme wake, muwashe kompyuta kwa flashi ya Ubuntu. Andikeni lsblk, mtaona diski imekatwa vipande kadhaa. Vidogo ni vya mfumo, kikubwa ndicho chenye mali. Kabla ya kufungua chochote, someni SMART (ripoti ya afya ambayo diski hujitunzia yenyewe) kwa smartctl -a. Namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, zikiwa sifuri, endeleeni. Zikiwa zimepanda, msifungue kitu, nakilini diski nzima kwenda nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi kwa ddrescue, kisha fanyieni kazi nakala. Kipande kikubwa kikijitambulisha kama linux_raid_member msishtuke, hata vingi vya diski moja viko hivyo: kiunganisheni kwa mdadm --assemble --scan, ikibidi na vgchange -ay. Halafu mount kwa ro,noload ili kisiandikwe chochote. Kuna vichache vilivyotengenezwa kwa bloku za 64K ambavyo kompyuta ya kawaida hukataa kuvifungua. Hivyo tumieni fuse-ext2 au debugfs. Msianze na fsck (amri ya kukarabati mpangilio wa mafaili). Kabisa! Fsck juu ya diski isiyonakiliwa imeshaua mafaili mengi kuliko radi.

Wenye vya diski mbili, ingieni kwenye mipangilio leo. Vingine vinatoka kiwandani vimeunganisha diski mbili kuwa moja kubwa, diski moja ikifa zote zimekwenda. Badilisheni kuwa RAID 1 (kila diski inabeba nakala ileile) kabla hamjaweka kitu, kwa sababu kubadilisha kunafuta.

Kasi. Boksi limeandikwa gigabiti, ila prosesa ni dhaifu, mnapata MB 30 au 40 kwa sekunde. Vyenye tundu la megabiti 100 vinaishia 11, maana yake TB 2 ni zaidi ya siku mbili mchana na usiku. Lakini lile la TB 2 kuonekana 1.81 msilalamikie, ni namna Windows inavyohesabu.

Halafu programu wanazitelekeza. Kisanduku kinachojua SMB1 pekee (toleo la zamani la SMB, njia ambayo Windows hufikia mafaili kwa mtandao) hakionekani tena kwenye Windows mpya, na Windows 11 Pro ya 24H2 inadai saini za SMB, mteja anaambiwa kimeharibika. Vingine havikubali hata kuwashwa mara ya kwanza bila kujisajili kwenye seva ya kampuni. Bando likiisha, kitu kilicho mezani kwako hukifikii. Na hatari ya kukiacha wazi intaneti si hadithi: Juni 2021 vifaa vya WD My Book Live vilifutwa kwa mbali na wavamizi sehemu nyingi duniani, na masasisho yake yalikuwa yamekoma 2015. Zimeni ufikiaji wa mbali, na kwenye rauta zimeni UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia njia ya intaneti vyenyewe).

Kuhusu waranti, duka linakwambia urudishe Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa gharama yako, na wakibadilisha wanabaki na diski yenye picha za wateja wako. Hilo ni dharau. Daini risiti ya EFD siku ya kununua. Bila hiyo, ukienda Tume ya Ushindani huna pa kuanzia.

Wenye hivi vifaa, wekeni hapa: volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta, tarehe ya sasisho la mwisho la programu, na SMART namba 5, 197, 198 na joto la namba 194. Wale ambao taa imeshakuwa nyekundu, chomoeni umeme sasa hivi na msimpe fundi yeyote mpaka muwe mmeandika hapa.