Uvimbe wa utumbo na eosinofili nyingi: je, ni fangasi?

Mzazi, Wete
Assalamu alaykum. Mtoto wa ndugu yangu, mwenye miaka 9, ana maumivu ya tumbo upande wa kulia, homa za mara kwa mara na anazidi kukonda. Dawa za minyoo hazikumsaidia. Ultrasaundi imeonesha ukuta wa utumbo mpana umevimba, na damu ina eosinofili nyingi (aina ya chembe nyeupe za damu). Daktari anafikiria kifua kikuu cha tumbo au saratani, lakini ametaja pia fangasi adimu, Basidiobolus ranarum. Naomba wenye ujuzi mtueleze unavyothibitishwa ugonjwa huu, na kama ni lazima apasuliwe.

Daktari, Unguja
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba daktari wenu ameutaja. Hapa visiwani eosinofili zikipanda sote hukimbilia minyoo na kichocho, na mara nyingi ndivyo. Ila minyoo ikishatibiwa, nazo zikabaki juu huku kuna uvimbe na homa, lazima itafutwe sababu nyengine. Fangasi huyu huishi kwenye majani yaliyooza na matumboni mwa vyura na mijusi. Huwapata hata wenye kinga kamili, kwa hiyo asije mtu akamshuku mtoto kwa UKIMWI.

Kinachoamua ni kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo kinachokatwa ili kuchunguzwa. Kichukuliwe cha kutosha na cha ndani, kwa sababu fangasi hujificha katika ukuta wa utumbo, na kipande cha juu juu huweza kumkosa. Kwenye hadubini huonekana nyuzi pana zenye kuta nyembamba, zimezungukwa na utando mwekundu na eosinofili tele. Sehemu ya kinyama isitiwe fomalini (dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili), bali ipelekwe maabara fangasi aoteshwe, kwani fomalini huua fangasi. Jina la fangasi huyu liandikwe kwenye fomu, maana maabara hutafuta ilichoombwa.

Mfamasia, Chake Chake
Wapo waliopona kwa dawa peke yake, lakini utumbo ukiziba au ukitoboka upasuaji hauepukiki, na dawa huendelea baada yake. Hutumiwa zaidi dawa za fangasi, itrakonazoli au vorikonazoli, kwa miezi mingi, pengine kupita mwaka, huku ini likipimwa. Kapsuli za itrakonazoli zimezwe pamoja na chakula, na omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) isitumiwe bila ya kumuuliza daktari, kwa kuwa huizuia isiingie vyema mwilini. Nawasihi sana: kama mtoto ameshaanzishiwa dawa za kifua kikuu, semeni mapema, kwani rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huishusha mno itrakonazoli katika damu.

Mzazi, Wete
Ahsanteni sana. Dawa za kifua kikuu zilikuwa zianze wiki hii. Tutamuomba daktari kinyama kichukuliwe kwanza.

Daktari, Unguja
Ni sawa, ndugu yangu, ila uamuzi wa kusubiri uwe wa daktari wenu. Tumbo likijaa ghafla, au akitapika bila ya kupata choo, mpelekeni hospitali saa ile ile.