Mbuzi wetu mnashikilia kwa kosa gani? Karatasi haiendeshi pikipiki!

Wakuu, heshima kwenu. Najua kuna watakaosema nimekuja na povu. Ni kweli nimekuja nalo, na sabuni nimebeba mwenyewe.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanga, Kigoma, mwaka wa kumi na moja huu. Sikukuu iliyopita tulifanya mbio zetu za bodaboda, ile njia ya vumbi nje kidogo ya Mwandiga, mizunguko sita. Dereva wa kijiwe chetu akawa wa kwanza, mwenzake akawa wa tatu. Zawadi ya mshindi ilikuwa matairi mawili mapya, laki mbili taslimu, na beberu mmoja mweupe mwenye doa jeusi refu ubavuni, ukilitazama vizuri utadhani mtu kachora Ziwa Tanganyika. Mpaka naandika hapa hatujakabidhiwa hata kamba ya huyo mbuzi.

Sababu tuliyopewa ni kwamba kuna "malalamiko ya siri kuvuja". Kuna kijana alikuwa anafanya kazi gereji moja upande wa Ujiji, wakashindwana na bosi wake kuhusu posho, akahamia kwetu mwezi mmoja kabla ya mbio. Gereji hiyo imezoea kushinda, safari hii imeambulia nafasi ya pili. Basi hiyo ndiyo kesi nzima. Kijana kahama, sisi tumeshinda, kwa hiyo tumeiba. Kamati ya mbio ikakaa nusu saa, ikala karanga za mwenyekiti, ikazuia zawadi "hadi hapo uchunguzi utakapokamilika". Anayechunguza ni nani? Hayupo. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga kwangu kuiangalia ile pikipiki.

Kilichonitoa kwenye reli ni mzee mmoja, shabiki wa Ferrari, ile timu ya mbio za magari, ana kofia nyekundu iliyopauka mpaka imekuwa rangi ya ufizi. Alisimama kwenye kikao akasema, "Hawa ni McLaren ya 2007," watu wakapiga makofi. Nusu ya waliopiga makofi hawajawahi kuangalia mbio za langalanga, yaani Formula 1 wanamoshindana Ferrari na McLaren, hata dakika moja, wao wakikuta king'amuzi kiko huko wanaomba waekewe mpira.

Haya. Kama mmeamua kesi yetu iendeshwe kwa McLaren ya 2007, tuiendeshe basi, maana mzee wangu kasimulia nusu, ile nusu anayoipenda.

Mwaka huo Ferrari walikuwa na mtu wao wa miaka mingi, Nigel Stepney, aliyewahi kuwa mkuu wa mafundi wao. Akawa hana furaha kazini. Upande wa pili McLaren walikuwa na mbunifu mkuu anaitwa Mike Coughlan. Karatasi za Ferrari, kurasa 780, zikaishia mikononi mwa Coughlan. Kurasa 780 wakuu, hiyo si karatasi ya kufungia maandazi, hilo ni gari zima limelazwa kwenye makaratasi. Ikajulikanaje? Mke wa Coughlan alizipeleka kwenye duka la kutoa kopi huko Surrey, Uingereza, ziingizwe kwenye diski. Mhudumu akaona ni karatasi za Ferrari, akawaandikia Ferrari wenyewe Italia. Yaani siri ya matajiri wale imekamatwa na mtu wa stesheneri! Hata hapa kwetu, jambo usilotaka lifike Gungu kabla ya jioni, huwezi kulipeleka kutoa kopi.

Mzee akaishia hapo, akarukia adhabu: dola milioni 100, na pointi zote za timu kufutwa. Kweli, hukumu hiyo ilitoka 13 Septemba 2007. Ila hakuwaambia kwamba kabla ya hapo, 26 Julai, FIA hao hao, wakubwa wa mbio za magari duniani, waliisikiliza kesi hiyo hiyo. Wakasema McLaren mna kosa, karatasi mlikuwa nazo, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mmezitumia, kwa hiyo hakuna adhabu. Adhabu ilikuja baada ya kupatikana barua pepe za madereva wenyewe wa McLaren, Pedro de la Rosa na Fernando Alonso, wanaandikiana jinsi Ferrari wanavyogawa uzito wa gari mbele na nyuma, na gesi wanayojazia matairi. Hapo ndipo rungu lilishuka. Ninyi wa kamati barua yenu iko wapi? Mna "inasemekana" na karanga.

Sasa twende kwenye lile swali lenyewe, siri zile ndizo zilizowapa McLaren mwendo? Mimi sitajifanya malaika hapa. Zipo zilizowasaidia. Mbio za kwanza za mwaka ule, Australia, Raikkonen alishinda na Ferrari, na McLaren walikuwa wameshanong'onezwa kuhusu sakafu ya gari lile inavyolegea kwa chini likiwa kwenye kasi. Wakaenda kuuliza FIA kama inaruhusiwa, FIA wakakaza kipimo, Ferrari wakalazimika kubadilisha. Hiyo ni faida, ubishi sina. Na matairi vilevile: McLaren 2006 walikuwa wanatumia Michelin, 2007 timu zote zikapelekwa kwenye Bridgestone, na Ferrari walikuwa na Bridgestone miaka na miaka. Mgeni wa tairi akipewa fununu na mwenyeji, anakuwa ameokoa muda wa kutapatapa.

Lakini angalieni kalenda jamani. Australia hiyo hiyo, magari ya McLaren yalimaliza la pili na la tatu. Tarehe 8 Aprili huko Malaysia wakachukua la kwanza na la pili, Alonso mbele, Hamilton nyuma yake. Lile furushi la kurasa 780 lilimfikia Coughlan mwishoni mwa Aprili, walipokutana na Stepney kule Hispania. Gari lilikuwa limeshachorwa, limeshatengenezwa, na limeshashinda. Mtoto kashatembea ndiyo mnasema kaibiwa miguu?

Na mwisho wa mwaka je? Ferrari walishinda mbio 9, McLaren 8. Ubingwa wa madereva akachukua Raikkonen wa Ferrari, pointi 110 kwa 109 za Hamilton na 109 za Alonso. Walioibiwa ndio waliobeba kila kitu! Kama siri ni ushindi, mbona mwenye kurasa 780 za mwenzake alilala kwa pointi moja?

Kuna kesi nyingine ambayo mzee wa kofia hawezi kuitaja. Mwaka huo huo wa 2007 mahakama ya Italia iliwatia hatiani wafanyakazi wawili wa zamani wa Ferrari, waliohamia Toyota na kuchukua mali ya ofisi walikotoka. Toyota walikaa langalanga misimu 8, kuanzia 2002 hadi 2009, pesa wanazo za kumwaga. Walishinda mbio ngapi? Sifuri. Andikeni ukutani pale kwenye kikao. Na Desemba ya mwaka huo huo ikasikilizwa kesi ambayo McLaren ndio walioibiwa: mhandisi wao alikuwa amehamia timu ya Renault na diski zenye michoro yao. FIA wakasema Renault mmekosa, halafu wakawaachia bila adhabu, kwa sababu haikuonekana kwamba mashindano yaliathirika. Kijana amehama na makabrasha yake, kosa limekubalika, na bado hakuna aliyenyang'anywa mbuzi.

Haya tuje kwetu, maana najua mnasubiri hapa.

Daftari lilikuwepo. Nimesema. Kijana alikuja nalo, kaunta buku ya kwaya mbili imelowa oili pembeni, na nimelifungua. Anayesema yeye asingelifungua aweke picha yake hapa tumwone mtakatifu. Nimelisoma usiku mmoja nikiwa na chai, kesho yake nikamrudishia, nikamwambia hili lirudishe kwa mwenyewe au lichome, mimi silitaki hapa. Nilikosea kulifungua? Inawezekana. Kama kamati ingeniita ikaniambia "fundi, umefungua daftari la mwenzako, lipa faini ya elfu hamsini", ningelipa nikanyamaza.

Ila mnajua ndani mlikuwa na nini? Sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, meno 45. Basi hapo ndipo nilipocheka. Dereva wao ni jitu la kilo tisini, wanataka pikipiki ivute kwenye mchanga, kwa hiyo meno mengi yanawafaa. Dereva wetu ni kijana mwembamba, ukimkuta Kibirizi amebeba kapu la dagaa utaona kapu kwanza. Ukimfungia huyo meno 45 pikipiki inalia kama mashine ya kusaga na mwendo hakuna. Nilimfungia meno 40. Jeti ya kabureta waliyoandika, kile kitundu cha kupimia petroli, nilijaribu mara moja tu, plagi ikatoka nyeusi ti kwa mafuta kuzidi, nikairudisha jeti yangu. Karatasi yao ilikuwa inamjibu mtu wao, na mtu wao sisi hatunaye. Wale McLaren na ule mgawo wa uzito wa Ferrari ni hivyo hivyo: gari la Ferrari mwaka ule lilikuwa refu kuliko lao kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Utabeba namba ya gari refu uifunge kwenye gari fupi, halafu?

Kilichotushindisha ninacho hapa, na hakuna aliyekuja kukiuliza. Vumbi. Ile njia ikifika mzunguko wa tatu inakuwa unga mwekundu mtupu, pikipiki zinavuta vumbi, zinabanwa pumzi, mwendo unakufa. Nilikata sponji ya godoro, nene kama kidole, nikailowesha oili, nikaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, nikaivisha juu ya kichujio cha hewa. Tapeti, ule mwanya wa vali za injini, nikapima kwa wembe, kama tunavyofanya sote, ila mimi nilipima mara nne, usiku, injini imepoa kabisa, siyo ile ya kupima pikipiki imetoka barabarani inachoma vidole. Walioangalia mbio watakumbuka: mpaka mzunguko wa tatu yule wa Ujiji alikuwa mbele yetu. Kuanzia wa nne pikipiki yake ikaanza kukohoa, yetu inapiga sauti ile ile ya asubuhi. Tulimpita kwenye kona ya mwembe. Kona ya mwembe haimo kwenye daftari la mtu.

Haya, siri ya sponji hiyo hapo, nimeivujisha mwenyewe mbele ya umma. Kaibebeni. Mwakani mtu asiponishinda asije na mzee wa kofia.

Ninachodai ni kidogo. Kama kosa ni daftari, nihukumuni kwa daftari, kwa kikao, na mwenye gereji aje aseme kipimo gani chake alikikuta kwenye pikipiki yangu. Pikipiki ipo, sijaigusa tangu siku ile, vumbi lake liko vilevile. Lakini kuchukua ushindi wa vijana waliokaa wiki tatu hawalali, kwa sababu eti mtu wa Mwanga hawezi kumshinda mtu wa Ujiji bila kuiba, hapo mnatutukana. Siku mkishinda ninyi ni ufundi. Tukishinda sisi ni siri.

Nimeona kuna mkuu ameshaandika hapo chini kwamba "panapofuka moshi pana moto". Mkuu, mimi ni fundi. Moshi naujua. Mweusi ni mafuta mengi, wa bluu ni ringi zimekwisha, mweupe ni maji. Wa kwenu ni wa karanga.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Wakuu, wakati nawajibu nimetumiwa picha kwenye simu. Ni uani kwa mjumbe mmoja wa kamati. Kuna masufuria matatu makubwa yamefunikwa, na ukutani imewambwa ngozi nyeupe, mvua isiikute. Lile doa linaonekana vizuri sana, lote, kutoka kaskazini mpaka kusini.

Aliyenitumia ni kijana wa gereji ile ile ya Ujiji. Hii siri nimeipokea, na hii nitaitumia.