Katikati ya Jiji Dodoma: wapangaji wa fremu hatumo kwenye mchoro, tukasemee wapi?

Wakuu, mbukwenyi. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za bei ya viwanja. Hili ni jambo jingine.

Nina steshenari katikati ya mji, jirani na chuo, mwaka wa tisa sasa. Fotokopi, kuchapa, kubaindi ripoti za fildi, na kuwajazia maombi ya mkopo watoto waliotoka kijijini hawajawahi kushika kompyuta. Fremu yangu iko kwenye zile nyumba za zamani za bati zenye baraza mbele. Pembeni kuna mama ntilie, anayefuata ni fundi simu, kisha muuza chipsi.

Jumatano tuliitwa kikao kuhusu "kuendeleza" eneo letu. Saa nne asubuhi! Muda huo mfanyabiashara gani anafunga? Na wanafunzi, ambao ndio wateja na nusu ya wapita njia wote wa mtaa ule, wako likizo. Nilimwachia mama ntilie funguo nikaenda. Viti vyote walishakalia wenye nyumba na madalali. Daftari la mahudhurio lilikuwa na safu ya namba ya hati. Nikamuuliza kijana, mimi mpangaji niandike nini? Akajibu bila hata kuinua macho: "Wewe acha wazi."

Hiyo "acha wazi" ndiyo iliyonileta hapa.

Wakabandika mchoro. Ghorofa la vioo, maegesho chini, maduka makubwa katikati, mbele chemchemi inarusha maji. Chemchemi! Mji huu ambao maji ya Mzakwe (visima vinavyolisha mji) tunayapata kwa mgao na kila nyumba ina simtanki. Niliutazama mchoro ule mpaka macho yakauma, sikuona bodaboda hata mmoja, wala meza ya karanga, wala mtoto mwenye begi mgongoni.

Naujua wimbo utakaoimbwa: "unapinga maendeleo, haya ni makao makuu ya nchi." Jamani, mimi nimekulia hapa. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973. Tulingoja miaka zaidi ya arobaini, tukiishi na CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na hati zake za ardhi za miaka 33, hadi ilipovunjwa 2017, mwaka uliofuata tukawa jiji. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, imeanza 2007, sisi tukaona jinsi wanafunzi wanavyougeuza mji. Maghorofa sina ugomvi nayo. Wanaopenda kutaja historia wakumbuke pia kwamba mpango mji wa 1976, waliouchora Wakanada, ulikusudia mji wa watembea kwa miguu na mabasi, sio mji wa kwenda kutafuta maegesho.

Sasa tuje kwenye fidia, maana hapo ndipo penye ujanja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni za 2001 zinataja posho ya usumbufu, usafiri, hadi faida iliyopotea. Safi kabisa. Ila hayo ni pale ardhi inapotwaliwa. Kwetu hakijatwaliwa kitu, mwenye nyumba anauza au anaingia ubia kwa hiari yake, karatasi zinasainiwa, wewe mpangaji unapewa notisi ya miezi mitatu na "pole sana". Kilemba, ile pesa niliyompa aliyenitangulia ili aniachie fremu, nani atanirudishia? Wateja wa miaka tisa nitawabeba kwa kirikuu?

Mzee wangu mwenye nyumba simlaumu sana. Nilimwendea jioni, nikamwamkia, akanikaribisha tukakaa barazani. Ana umri mkubwa, watoto wako Dar, kila mmoja anataka mgao wake angali hai. Akaniambia, "Mwanangu, hata mimi nimechoka kuziba bati." Nikakosa la kumjibu.

Ninaowakasirikia ni wanaotuambia tukapange huko pembezoni. Nzuguni sawa, stendi kuu ipo, soko la Job Ndugai lipo, biashara inaenda. Lakini mwanafunzi mwenye shilingi 500 ya kuchapa kurasa mbili hawezi kupanda daladala hadi Nzuguni. Na kwenye ghorofa lao nilishauliza: kodi inalipwa mwaka mzima mkupuo. Hapa nalipa miezi sita, na mzee hunivumilia hadi vyuo vifunguliwe. Mama ntilie anauza wali maharage 1,500. Huko juu atauza shilingi ngapi ili arudishe kodi, na atanunua nani?

Kuna mchangiaji kikaoni alisema wanafunzi ni "wapita njia, wanakaa miaka mitatu wanaondoka". Kweli wanaondoka, lakini kila mwaka wanakuja wengine, na mji wote unakula kwao: wenye vyumba, wenye bajaji, wenye saluni. Hata yeye nadhani ana vyumba vya wanachuo.

Wadau mnaojua sheria: mkataba wangu umebakiza miezi minne na umeandikwa, notisi ya miezi mitatu inaukata? Na je, wapangaji tukijiandikisha kama kikundi, tunaweza kudai tutengewe fremu za chini kwa kodi tuliyozoea kabla mzee hajasaini?

Kikao kingine ni Jumamosi, saa nne ile ile. Waliopanga maeneo hayo tukutane nje saa tatu na nusu, na safari hii hiyo safu ya hati tuijaze namba za leseni zetu za biashara.