Ghorofa 12 mtaani kwetu Mikocheni, ripoti inasema foleni haitaongezeka. Nisaidieni kuisoma

MkaziWaMtaa: Wakuu habari zenu. Kuna kiwanja mtaani kwetu kilikuwa na nyumba moja ya zamani na miembe, sasa mwenye nacho anataka kupandisha ghorofa 12, flati 80, chini supamaketi. Mtaa wenyewe gari mbili zinapishana kwa kupeana adabu, na unatokea Mwai Kibaki Road ambako asubuhi kuingia tu barabarani ni kazi. Wiki ijayo tumeitwa serikali ya mtaa, mshauri wa mazingira anakuja kuchukua maoni. Nimeona sehemu ya usafiri kwenye ripoti yake ya athari za mradi, kurasa mbili tu, inasema mradi utaongeza gari 20 kwa saa ya asubuhi na barabara ina uwezo wa kutosha. Mimi mhasibu sio injinia, lakini flati 80 gari 20?? Nisimame niseme nini nisionekane napinga maendeleo?

Fundi_Lami: Mkuu usianze na hiyo 20, anza na tarehe waliyohesabu magari. Ukihesabu shule zimefungwa unapata barabara nyingine kabisa. Inatakiwa Jumanne mpaka Alhamisi ya kawaida, shule zimefunguliwa, asubuhi na jioni, na kwa vipande vya dakika 15 ili kilele kionekane, sio wastani wa siku nzima.

MkaziWaMtaa: Duh. Imeandikwa 19 Desemba.

Fundi_Lami: Basi hapo tayari una hoja. Pili, uliza hiyo 20 ni zinazotoka tu au na zinazoingia. Bolt anayekuja kuchukua mtu anaingia mtupu anatoka na abiria, hiyo ni mara mbili, school bus vilevile, bajaji vilevile. Flati 80, tuseme nusu tu zina gari linalotoka saa 12 na nusu mpaka saa 1 na nusu, ni 40 hata supamaketi hujaigusa. Tatu, na hapa ndo wengi wanapigwa, "uwezo wa barabara" ni wa katikati ya barabara, foleni inazaliwa kwenye makutano. Leni moja inayotiririka bila kusimama inaweza kupitisha kama gari 1,800 kwa saa, ukiipa taa ya kijani nusu ya muda zinabaki kama 900, na nyie hapo hamna hata taa, anayekata kulia anasubiri upenyo pande zote mbili. Barabara ikishakaribia kujaa, gari chache za nyongeza zinarefusha foleni kuliko unavyotegemea.

Mama_Tegeta: Mimi nitawaudhi. Hao watu wa flati 80 msipowataka Mikocheni watajenga Bunju na watapita hapohapo mlangoni kwenu kila asubuhi, tena wametembelea lami kilomita nyingi zaidi. Nyie wa viwanja vikubwa mnapenda foleni iwe ya wengine tu. Ombeni geti liwekwe vizuri, jengo liacheni.

Fundi_Lami: Mama Tegeta ana pointi. Ndo maana nasema wabanwe kwenye geti na parking. Geti likae mbali na kona, na liwe ndani kabisa ya kiwanja ili gari tatu nne zisubiri bariya bila mkia kubaki mtaani. Na lori la soda la supamaketi ligeukie wapi? Kwenye ramani nyingi hakuna sehemu, Fuso linarudi nyuma barabarani huku utingo anapiga bodi kwa kiganja "njoo njoo njoo" na mtaa mzima umesimama.

Kile_Jirani: Salamu kutoka Nairobi. Sisi Kileleshwa bangaloo ziliisha zikaja apartments, na shida kubwa ilikuwa lori za mchanga na kokoto wakati wa ujenzi, kabla hata mpangaji wa kwanza aingie. Ombeni masaa ya lori yaandikwe kwenye masharti ya cheti cha mazingira cha mradi. Huku ukikosa kuridhika na leseni ya NEMA, mamlaka yetu ya mazingira, una siku 60 kwenda tribunal ya mazingira, sijui kwenu.

MkaziWaMtaa: Asanteni sana. Kwa hiyo naomba kuhesabu kurudiwe shule zikiwa wazi, geti, sehemu ya lori, masaa ya kokoto. Barua nampelekea nani?

Fundi_Lami: NEMC, wale wa mazingira wanaotoa cheti, nakala manispaa na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, maana barabara ya mtaa ni yao. Ila mkutanoni hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari, na msaini mahudhurio baada ya kuusoma, sio mlangoni mkiingia.