Mkono wa alumini uliofuliwa unashika sumaku: nirudishe au nisafishe?

njiro_4x4 (Arusha)

Wakuu, habari za kazi. Gereji yetu inahudumia gari za watalii. Tumeletewa mikono minne ya juu ya sasipensheni ya mbele, ikiwa mitupu bila bushi wala bolijointi, yaani bila viungo vinavyoingizwa kwenye matundu yake. Karatasi inasema alumini ya kufuliwa (iliyogandamizwa kwa nguvu ndani ya kalibu ikiwa ya moto, bila kuyeyushwa), aina ya 6061-T6.

Mitatu haishiki sumaku popote. Wa nne unashika kidogo sehemu mbili: kwenye ukanda wa ubavuni, na doa la ukubwa wa ukucha karibu na tundu la bushi. Halafu nikitelezesha sumaku kali ya neodimiamu juu ya mkono wowote, hata ile mizima, inakwenda kizito kana kwamba imepakwa grisi.

Muuzaji anadai alumini ikishafuliwa inapata usumaku kidogo. Kuna ukweli? Na unga wa sumaku tunaopimia nyufa kwenye krenki, utafanya kazi hapa?

karanga_mashine (Moshi)

Mkuu, muuzaji amechanganya alumini na stenlesi. Stenlesi ya 304 ikikunjwa au kugongwa ikiwa baridi, sehemu ya umbile lake la ndani hubadilika na kuanza kushika sumaku. Ndiyo maana kona za sinki hushika na katikati haishiki. Alumini haina badiliko la namna hiyo. Uifue, uikunje, uichemshe, uipoze ghafla: mvuto wake kwa sumaku unabaki kama sehemu mbili kwa laki moja, kiasi ambacho mkono wa mtu hauwezi kukihisi.

Unachohisi ukitelezesha ni kitu kingine kabisa. Sumaku ikitembea juu ya metali inayopitisha umeme vizuri, inazalisha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya metali, na mikondo hiyo inapinga mwendo. Sumaku ikisimama, upinzani unakwisha. Kwa hiyo uzito ule ni dalili nzuri, maana yake umeshika alumini kweli.

Kutenganisha mambo hayo mawili, funga sumaku kwenye uzi wa nusu mita, iache itulie kabisa, kisha sogeza mkono wa gari polepole hadi ibaki nafasi ya milimita 2 na usimame. Uzi ukibaki wima, hakuna chuma. Uzi ukilala upande wa mkono huku kila kitu kimetulia, kuna chuma hapo, hakuna maelezo mengine.

njiro_4x4

Nimefanya. Mitatu uzi wima. Wa nne uzi unalala kwenye sehemu zote mbili. Nikafikiri labda aloi (mchanganyiko wa metali) yenyewe ina chuma kingi, si 6061 inaruhusiwa kuwa nacho?

dada_aloi

Inaruhusiwa hadi asilimia 0.7, lakini chuma hicho hakiko peke yake. Kimeshaungana na alumini na silikoni kuwa fuwele ndogondogo, na fuwele hizo hazishiki sumaku kwenye joto la kawaida. Aloi ya 2618 inawekewa makusudi kama asilimia 1 ya chuma na asilimia 1 ya nikeli, ndiyo ya pistoni za kufuliwa, na ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyounda bodi la ndege ya Concorde. Sumaku haikai juu yake. Kwa hiyo ondoa aloi kwenye orodha ya watuhumiwa. Chuma chako kimetoka nje.

Kimetokea wapi? Kwanza, hapahapa Arusha, ni udongo. Mchanga mweusi wa Meru una chembe za magnetaiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku. Buruta sumaku kwenye vumbi la uani uone ilivyoota ndevu. Mkono uliolazwa chini ukiwa na mafuta unazibeba. Kwa hiyo osha kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni, kausha, vika sumaku mfuko wa plastiki, ndipo upime upya.

Ikibaki, basi ni chuma kilichopigiliwa usoni. Kipande kikitoka kwenye kalibu huwa na pindo jembamba la alumini iliyovuja kati ya kalibu mbili. Pindo hilo linakatwa, na ukanda wa ubavuni unaouona ni kovu lake. Likisawazishwa kwa jiwe la grenda lililokuwa linakata chuma, au kwa brashi ya waya wa kawaida, vumbi la chuma linazama kwenye alumini kwa sababu alumini ni laini. Kupulizwa kwa gololi ndogo za chuma nako kunaacha chembe, ila hapo huenea uso mzima, si ukanda mmoja.

Weusi unaofuta kwa kidole usikutishe, mara nyingi ni grafaiti ya kulainishia kalibu. Haina usumaku.

ungaltd_spea

Naongeza kwenye kusafisha, maana hapa ndipo watu wanaharibu kitu kizima.

Tumia msasa mpya wa namba 120, au tupa (kifaa cha kukwangulia metali) mpya, ambayo haijawahi kugusa chuma. Ondoa kidogokidogo, jumla isizidi robo ya milimita, kisha malizia na namba 240 kwa mwelekeo wa urefu wa mkono, si kukatisha. Mikwaruzo ya kukatisha ndiyo inayoanzisha ufa.

Usichemshe kwenye magadi wala kostiki soda. Sufuria ya alumini iliyopikiwa kande ya magadi mnaijua inavyogeuka nyeusi. Ndicho kitakachotokea, na chuma kitabaki palepale. Kwa wenzetu wa Moshi wenye mrututu wa kahawa (ile dawa ya buluu yenye shaba): kipimo cha kupaka mrututu ili chuma kionyeshe wekundu wa shaba ni cha stenlesi. Kwenye alumini shaba inajibandika yenyewe, na kila ilipokaa inachimba kishimo mvua zikianza.

Sasa lile doa la karibu na tundu. Ukikwaruza robo milimita na uzi bado unalala vilevile, simama, usiendelee kuchimba. Hicho ni kipande kilichozama ndani, na kipande cha chuma hakiingii katikati ya alumini kwa kufuliwa. Kinaingia wakati wa kuyeyusha chakavu: alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, chuma hakiyeyuki hadi zaidi ya 1,500, kwa hiyo boliti iliyosahaulika ndani ya pistoni kuukuu inamiminwa nzimanzima. Mkono wa hivyo yaelekea umesubiwa, yaani umemiminwa ukiwa uji, haukufuliwa. Rudisha.

Msipoteze muda na mizani kutenganisha ya kufuliwa na ya kusubiwa. Kupima hewani na majini kutakupa uzito wa kama mara 2.7 ya maji kwa ya kufuliwa na kama 2.7 kwa ya kusubiwa. Mizani inakamata aloi ya zinki tu, ambayo inatoa 6.6 hivi.

karanga_mashine (Moshi)

Swali la unga wa sumaku lilisahaulika. Haufanyi kazi. Unga unakusanyika kwenye ufa pale tu kitu chenyewe kinapoweza kusumakishwa, na alumini haisumakishwi. Utaona uso safi hata kama mkono una ufa wa sentimita mbili, na hiyo ni hatari kuliko kutopima.

Chukua rangi nyekundu ya kupenya, ile ya makopo matatu. Safisha, kausha, puliza rangi, subiri dakika 20. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kisafishio. Usipulize kisafishio moja kwa moja juu ya mkono, utaitoa rangi hadi ndani ya ufa. Puliza unga mweupe tabaka jembamba, soma baada ya dakika 10. Metali iwe kati ya nyuzi 10 na 50. Asubuhi za Julai huko kwenu iingizeni ndani kwanza, na mchana msiiache juani. Sehemu uliyopiga msasa pima kwa makini zaidi, kwa sababu alumini laini huweza kufunika mdomo wa ufa.

njiro_4x4

Asanteni sana. Ukanda umekwisha baada ya kuosha na msasa kidogo, uzi wima. Doa la tundu liko palepale baada ya robo milimita. Unarudi. Mitatu iliyobaki tunaingiza bushi kesho. Fundi anataka kupasha tundu kwa gesi ili bushi iingie kirahisi.

dada_aloi

Mzuie kaka. T6 maana yake ugumu umepatikana kwa kuoka kwenye nyuzi 160 hadi 180 kwa saa kadhaa. Mwali wa gesi unavuka 250 kabla hujamaliza kusema, alumini haibadiliki rangi kukuonya, na tundu linabaki laini. Weka bushi kwenye friza usiku mzima, paka maji ya sabuni, ingiza kwa presi ukiwa umeegemeza ukingo wa tundu lenyewe, si mkono.