Napiga memwari za wanafunzi, memwari ya mashini yangu ndiyo inanishinda

KLAVYE YA KASSAPA
Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, nina kibanda cha saisi, yaani kuandika kwa mashini, na fotokopi kwenye njia ya Kassapa, pale wanafunzi wa chuo kikuu, UNILU, wanapopita. Napiga TFC na memwari, yaani kazi za kumaliza masomo, natia ramani na majedwali, nachapa, nafunga. Mashini yangu ni Lenovo ThinkPad T440 ya okazi, yaani iliyokwisha kutumika, ina 4 GB za memwari na disiki ya 500 GB.

Sasa wanafunzi wako mbioni kutetea kazi zao, na mashini imeamua kuniaibisha mbele za watu. Juzi nilikuwa na kazi ya kijana wa jiolojia, kurasa 140, nusu yake ramani za rangi. Kila nikishusha ukurasa ekrani inapauka, Word inaandika “Ne répond pas”, yaani haijibu. Mimi namwangalia kijana, kijana ananiangalia. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Depaneri mmoja, fundi wa mjini, aliigeuza dakika mbili, akaniambia: “Mama, tia bareti mbili za 8, itakuwa 16, utasahau shida.” Bareti ndiyo kile kipande cha memwari kinachotiwa ndani, dola 25 kila moja. Nimemwachia avansi ya dola 10. Nilipofika nyumbani moyo ukaanza kunihoji. Je, anasema kweli? Nitajuaje ni bareti ya aina gani inayofaa? Na kazi yenyewe naweza kuifanya mwenyewe, ama nitaharibu? Msinicheke, mimi najua klavye tu.

Mwana Katuba
Yaya, 16 GB juu ya Word tu? Unatafuta kurusha ndege? Mi niko na 2 GB na mpira naangalia bila shida.

Bareti Moja
Mwana Katuba, mpira wako unaangalia kwenye simu, tunakujua.

Mama, usimalizie malipo kwanza. Mimi nafungua mashini hapa Kenya, ni kazi yangu ya kila siku, na bado siwezi kukuambia ununue nini kabla hujatuambia kilichomo. Fungua ile kazi ya jiolojia pamoja na Chrome, kama unavyofanya siku zote. Halafu finya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Gestionnaire des tâches itafunguka. Nenda Performance, kisha Mémoire. Utuandikie kiasi kinachotumika, “Vitesse” (kasi), na “Emplacements utilisés” (nafasi zilizotumika). Halafu finya Disque na uangalie asilimia.

KLAVYE YA KASSAPA
Asanti papa. Nimefanya saa hii, kabla delestaji (kukatwa umeme) haijanikuta:

Mémoire 3,6 kwa 3,9 Go (ndiyo GB kwa Kifaransa), yaani 92 %. Vitesse 1600 MHz. Emplacements utilisés: 1 sur 2. Disque inacheza kati ya 98 na 100 %, haishuki hata nikiondoa mikono kwenye klavye.

Kwa hiyo nafasi ziko mbili, moja iko wazi. Depaneri alisema kweli?

Bareti Moja
Hapo ndipo mtego ulipo, mama, na wengi wanaingia.

T440 ina 4 GB zilizochomelewa juu ya kadi mama yenyewe. Hizo hazitoki, hata uje na turnavisi ya dhahabu. Windows inazihesabu kama nafasi moja iliyotumika, ndiyo sababu unaona “1 sur 2”. Nafasi ya kweli, ile yenye kupokea bareti, ni moja tu. Mwisho wa T440 ni 4 zilizochomelewa na bareti moja ya 8, jumla 12 GB. Bareti ya pili ungeenda nayo nyumbani kuwa pambo la kabati.

Angalia herufi ndogo: kuna T440 na kuna T440p. Ile yenye “p” ni nene, ina nafasi mbili za kweli na inafika 16. Pengine depaneri alichanganya hizo mbili. Jina limeandikwa pembeni mwa ekrani, na kwenye karatasi chini ya tumbo la mashini.

Kuhusu aina: tafuta DDR3L, ya laptopu, 1600. Kwenye karatasi ya bareti huwa imeandikwa PC3L-12800S. Hiyo “L” si urembo. DDR3 ya zamani inakula volti 1,5, DDR3L inakula 1,35. Prosesa ya T440 ni ya kizazi cha 4 cha Intel, ile ya kunywa umeme kidogo, nayo inataka 1,35. Ukiitia bareti isiyo na “L” utapata ekrani nyeusi, utadhani umeua mashini. DDR4 haiingii kabisa, mkato wake uko mahali pengine na meno yake ni 260. Yako ni 204. Usilazimishe kitu kuingia.

Poly wa Tatu
Naomba kupinga kidogo. Disiki 100 % ni disiki ya kuzunguka, ile ya zamani. Hata umtilie mama memwari ya benki nzima, kuwasha Windows kutabaki dakika tano. Kwanza SSD, ile disiki ya mbio isiyozunguka, halafu bareti. SSD ya inchi 2,5 yenye unene wa milimita 7 inaingia pale pale penye disiki ya sasa.

Bareti Moja
Mudogo, kwa mtu mwingine ningekubali. Lakini soma namba zake pamoja, usisome moja moja. Memwari iko 92 %. Ikijaa, Windows inachukua vitu isivyotumia sasa hivi inavirusha kwenye disiki, ikivihitaji inavirudisha. Fikiria meza ya kibanda cha mama imejaa, makaratasi mengine ameyaweka kwa jirani ng'ambo ya barabara. Kila mteja akiuliza lake, mama anavuka barabara. SSD itampa mama miguu ya mbio. Bareti itampa meza ya pili, asivuke kabisa.

Ndiyo, kuwasha kutabaki pole pole. Lakini yeye anawasha mara moja asubuhi, na shida yake ni ile kazi ya kurasa 140 mchana kutwa.

Poly wa Tatu
Sawa, kwa hilo nimeinama. Ila mama, ukipata franga nyingine, SSD isikose. Na usiogope kwamba 4 na 8 hazilingani: 4 za kwanza na 4 kati ya zile 8 zitafanya kazi bega kwa bega, zilizobaki zitafanya peke yao. Haitapigana.

Mzee wa Kamalondo
Mimi nauliza lile ambalo hakuna anayetaka kuuliza. T440 ni mashini ya 2013. Windows 11 rasmi haiitaki. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025. Binti yangu, unatia dola ngapi kwenye mashini ya umri huo? Ukifika dola 80, simama, tafuta okazi nyingine yenye DDR4.

KLAVYE YA KASSAPA
Papa, nimekusikia. Lakini okazi nyingine ni dola 200 na zaidi, na wanafunzi wanatetea mwezi huu. Dola 25 nazipata kwa memwari mbili tatu. 200 nitazipata kwa maombi.

Mzee wa Kamalondo
Basi tia bareti moja, na hiyo mashini usiiwekee mambo ya benki. Kazi za watu weka nakala kwenye kle (flashi) mbili, si moja.

Kasumba Express
Mimi napita Kasumbalesa kila wiki, mniruhusu niwasimulie jambo. Nilinunua bareti pale mpakani, karatasi imeandikwa 8 GB, safi kabisa. Nimefika Lubumbashi, natia, mashini inasoma 2. Nikakwaruza karatasi kwa kucha, chini kulikuwa na karatasi nyingine. Hiyo ya chini ndiyo ilisema kweli. Tangu siku hiyo nakwenda dukani na mashini yenyewe mkononi. Bareti inatiwa mbele yangu, tunawasha, nafinya F1 kuingia kwenye mipangilio ya mashini kabla Windows haijafunguka, nasoma kiasi, ndipo mkono unaingia mfukoni.

Na mwingine aliletewa bareti ya mashini ya mezani, ile ndefu ya sentimita 13. Ya laptopu haifiki hata sentimita 7. Hiyo haihitaji F1, inahitaji macho tu.

Mwana Katuba
Mi nilinunua ya 8 safi, Windows ikaonyesha 3 na kitu tu. Nikapiga kelele kwa muuzaji mpaka bantu bakajaa. Kumbe Windows yangu ilikuwa ya biti 32, haiwezi kuona zaidi ya 4. Haya nilipata mimi, si yeye.

Poly wa Tatu
Si ulisema uko na 2 GB?

Mwana Katuba
Hiyo ilikuwa mashini ya shemeji.

KLAVYE YA KASSAPA
Nimecheka hadi mteja ameniuliza kuna nini. Yangu ni ya biti 64, nimeangalia. Na ni T440 bila “p”. Sasa papa Bareti, niambie namna ya kufungua. Nataka kuifanya mwenyewe, huyu depaneri simwamini tena peke yake.

Bareti Moja
Kufungua si kugumu, ugumu ni kutokuwa na haraka.

T440 ina betri mbili. Ile ya nyuma unaiona na inatoka kwa mkono. Ya pili imejificha ndani, mbele, chini ya mahali unapolaza viganja. Watu wanatoa ya nyuma, wanadhani umeme umeisha, wanatia bareti huku bodi iko hai. Hapo ndipo vitu vinaungua. Kwa hiyo kabla ya yote: washa, finya F1, ingia Config, halafu Power, tafuta “Disable built-in battery”. Itazima yenyewe. Usiichomeke sharjeri tena mpaka umalize, maana sharjeri inaiamsha.

Toa betri ya nyuma. Geuza mashini juu ya kitambaa. Legeza skrubu zote za mfuniko wa chini, kisha achanisha vibanio vya plastiki polepole kwa kadi ya simu ya zamani, usitumie kisu. Vitalia “ta, ta”, usishtuke. Kabla ya kugusa bodi, shika chuma fulani, hata mguu wa meza. Huu msimu wa ukavu mwili unabeba umeme wake wenyewe, na vumbi jekundu utakalolikuta ndani ya ventilo lipige brashi ukiwa hapo hapo.

Bareti inaingia imeinama, si wima na si kulala. Linganisha mkato wake na jino la nafasi, sukuma mpaka meno ya dhahabu yakaribie kumezwa yote, ndipo uilaze. Vile vyuma viwili vya pembeni lazima vifunge vyote. Kimoja kikifunga na kingine kikabaki wazi, haijaingia.

KLAVYE YA KASSAPA
Siku tatu baadaye, narudi kuripoti.

Nilikwenda mjini na mashini kwapani, nikamwambia depaneri nataka bareti moja tu, PC3L-12800S. Aliniangalia sana. Akatoa tatu, mbili hazikuwa na “L”. Ya tatu ilikuwa nayo. Nilikwaruza karatasi kwa kucha mbele yake (asanti Kasumba Express), hakukuwa na nyingine chini.

Nikaomba niitie mwenyewe. Hata mikono ilitetemeka. Nikafunga, nikawasha: ekrani nyeusi, inalia pii pii. Nilitaka kulia nayo. Depaneri akaanza, “Unaona, mama…” Nikamwambia ngoja. Nikafungua tena, nikatoa bareti, nikakuta meno upande mmoja yana utandu mweusi. Nina gome ya kufutia penseli kwenye mfuko siku zote, nikayasugua taratibu, nikapuliza, nikaiingiza tena. Safari hii nilisikia vyuma viwili, si kimoja. F1. 12288 MB.

Leo nimefungua ile kazi ya jiolojia na Chrome na muziki juu. Memwari 5,8 kwa 11,9. Disiki inapanda, inashuka, inapumua kama mtu. Kijana amepata kurasa zake zote 140, na ramani zimetoka na rangi.

Poly wa Tatu
Hongera yaya! Usiku mmoja iache ifanye jaribio la memwari: finya Windows na R, andika mdsched. Betri mbili zitakusaidia SNEL ikikata umeme.

Kasumba Express
Na ile avansi ya dola 10? Au ndiyo ilihesabiwa kwenye bareti?

KLAVYE YA KASSAPA
Hakutaka kuihesabu, alisema ilikuwa ya “kuangalia”. Tulizozana mpaka mwenye duka la jirani akaingilia. Amenirudishia 5 mkononi. Nyingine 5 anasema atanilipa kwa kuja kusafisha ventilo ya fotokopi yangu Jumamosi.

Mwana Katuba
Yaya, siku hiyo usitoke kwenye kibanda.